Tuwachuje wazee wenye uwezo kwenye pencheni jamii, au tuwape wote?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Fuoni, Unguja, nalifupisha: "Mtaani kwetu kuna mzee ana nyumba tatu za kupangisha, watoto wake wako Muscat na London, na kila mwezi anapokea pencheni jamii elfu hamsini kama kawaida. Mama yangu ana miaka 66, mguu unamsumbua, kazi ya mwani kaiacha, na yeye anaambiwa asubiri mpaka afike 70. Kwa nini serikali isiwachuje hawa wenye uwezo, hela zao wakapewa kina mama kama wangu? Nasikia Ulaya wanafanya hivyo, unapimwa uwezo kwanza ndo unapewa."

Kaka, pole kwa hali ya mama, na uchungu ulionao nauelewa kwa sababu nimeusikia kwa watu wengi sana, miaka yote niliyofanya kazi za hifadhi ya jamii hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, harusini, kwenye daladala, hata msibani. Nakujibu moja kwa moja kwanza halafu nieleze: hapana, mimi siungi mkono kuwapima wazee wetu uwezo kabla ya kuwapa pencheni jamii. Lakini mama yako ana haki ya kulalamika, na nadhani nitakuonesha kwamba hela yake haipo mfukoni kwa yule mzee wa nyumba tatu, ipo kwenye ule umri wa 70.

Tuweke sawa kitu kimoja kabla hatujaenda mbali, maana watu wanachanganya sana hapa. Kuna pencheni ya mtu aliyekuwa ameajiriwa akakatwa mshahara, hiyo ya mifuko ya hifadhi ya jamii, ZSSF kwenu, au NSSF na PSSSF huku bara. Ile ni hela yake na ya mwajiri wake, huwezi kumwambia mtu aliyekatwa miaka thelathini kwamba sasa hatukupi kwa sababu una nyumba. Tunayozungumzia hapa ni pencheni jamii, inayotoka kwenye bajeti ya serikali, huchangii chochote, unapewa kwa sababu umezeeka. Zanzibar iliianza Aprili 2016, mkaazi akifika 70 anapewa, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi na siku hizi ni hiyo 50,000 unayoitaja. Na naomba usichukulie poa hili jambo, visiwa vyetu ndo vilikuwa vya kwanza Afrika Mashariki kulipa wazee wote pencheni bila kuuliza nani tajiri nani maskini na kwa hela za serikali yenyewe.

Mwaka ule wa kwanza nilibahatika kuwepo siku ya malipo kwenye skuli moja ya vijijini Unguja. Wazee walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, wengine wamekaa chini kwenye mkeka, jina likiitwa mtu anainuka anashikwa mkono na mjukuu anakwenda mezani anaweka dole gumba. Kuna bibi mmoja alipopewa elfu ishirini yake alizihesabu mara mbili, akazikunja ndogo kabisa, akafunga kwenye pindo la kanga kwa fundo, halafu akafungua tena akatoa elfu moja akampa yule mtoto aliyemleta. Akaniambia, "Leo mimi ndo nimempa." Alisema hivyo tu akaondoka. Nimekaa na hilo neno miaka yote hii, mtu wa miaka sabini na kitu amezoea kupewa kila siku, chumvi anapewa, sabuni anapewa, na siku ile yeye ndo katoa. Na foleni ile ile alikuwepo mzee mmoja wa kanzu safi na saa mkononi, kila mtu anajua ana mashamba ya mikarafuu, na hakuna aliyemkasirikia kwa sababu wote walikuwa pale kwa jambo moja, wamefika sabini.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hoja yako ni ya hesabu. Chukua shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha, ina wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea. Kwa 50,000 hiyo ni milioni 5 kwa mwezi. Tuseme kati yao 10 ni wenye uwezo kweli kweli, kama jirani yako. Ukiwatoa wote kumi umeokoa laki 5 kwa mwezi. Sawa, ni hela. Lakini kuwajua hao kumi lazima uwapime wote mia, huwezi kuwapima kumi tu kwa kuwaangalia usoni. Inabidi watu waende nyumba kwa nyumba na madodoso, walipwe posho na usafiri, data ziingizwe kwenye kompyuta, kuwe na ofisi ya kusikiliza rufaa za waliokatwa, na baada ya miaka miwili mitatu urudie tena kwa sababu mwenye nyumba jana leo kaungua, na aliyekuwa hana kitu leo kapata mkwe mzuri. Pia weka na makosa. Tuseme upimaji wako ni mzuri mno, unapatia mara 9 kati ya 10, na mimi sijawahi kuona mradi wa huku kwetu unaofikia hapo, lakini tuseme. Kwenye wale matajiri 10 utawatoa 9, mmoja atapenya. Kwenye wale 90 wasio na uwezo utakosea pia mara moja kwa kila kumi, maana yake wazee 9 wahitaji umewakata. Umeona hapo? Kwa kila tajiri mmoja uliyemtoa umemtoa na maskini mmoja. Na hapo bado hujalipa gharama za kupima.

Watu huwa wananiambia, ah, nyie wataalamu mnazidisha, mbona mtaani kila mtu anajua nani tajiri. Mtaani mnajua wawili watatu wa juu kabisa, hilo kweli. Ila sheria haiwezi kuandikwa "wale ambao mtaa unajua", lazima iandike kipimo, na ukishaandika kipimo ndo mambo yanaharibika.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Zamani kidogo nilikuwa bara, mikoa ya kusini huko kwenye korosho, nafanya kazi ya kujaza madodoso kwenye mradi uliokuwa unatafuta kaya maskini. Namna inavyofanya kazi ni hivi, hatumuulizi mtu unapata shilingi ngapi kwa mwezi, kwa sababu hakuna anayejua na hata akijua hatasema, kwa hiyo tunauliza vitu vinavyoonekana: paa la nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, una redio, una baiskeli, una kuku wangapi, mnalala watu wangapi chumba kimoja. Kila jibu lina alama zake, kompyuta inajumlisha inatoa namba, ukiwa chini ya mstari umeingia ukiwa juu umetoka. Nikafika kwa bibi mmoja anaishi na wajukuu watatu. Paa: bati. Sakafu: udongo. Redio: ipo. Bati lile alipauliwa na mwanawe mwaka korosho zilipouzika vizuri, halafu mwaka uliofuata mwanawe akafariki. Redio ilikuwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa, haina betri, anaiweka tu kwa sababu ilikuwa ya yule mwanawe. Siku ile hakukuwa na chakula chochote ndani zaidi ya muhogo mkavu, niliuona kwenye ungo. Jirani yake mita chache tu anakaa kwenye nyumba ya makuti, mlango wa mabua, na huyo ana shamba kubwa la mikorosho na alikuwa anajenga nyumba mjini ndo maana hii ya kijijini kaiacha hivyo hivyo. Majibu yalipotoka, mwenye makuti kaingia na bibi wa bati katoka. Nilirudi kumwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, niling'oe?" Anamaanisha bati. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Usidhani ile ilikuwa bahati mbaya ya kijiji kimoja, ndivyo kipimo chenyewe kilivyo. Mchumi Martin Ravallion na wenzake walichukua data za nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, wakajaribu hivi vipimo vya paa na redio kuona vinawapata maskini kiasi gani. Walichokuta ni kwamba vinapunguza wenye uwezo wanaopenya, ndiyo, lakini vinawaacha nje maskini wengi sana, na wakati mwingine njia rahisi kabisa ya kugawa kwa vigezo kama umri au watoto inakaribia kufanya kazi ile ile bila usumbufu wote huo. Kwa wazee ni mbaya zaidi, kwa sababu nyumba na vitu vya mzee ni vya zamani, alivinunua akiwa na nguvu, vinabaki vinamshuhudia kwamba ni tajiri wakati mfuko ulishakauka.

Na huyo jirani yako mwenye nyumba tatu, hebu tumfuatilie kidogo kwa heshima zote. Hizo nyumba ziko kwa jina la nani? Maana nyumba nyingi za Unguja ni za mirathi ambayo haijagawiwa, mtu anakaa anakusanya kodi lakini wana haki humo dada zake wanne na watoto wa marehemu kaka yake. Tuseme ni zake kweli. Siku serikali ikitangaza kwamba mwenye nyumba ya kupangisha hapati pencheni, wiki hiyo hiyo nyumba zinahama jina, moja kwa binti, moja kwa mjukuu, na mzee anabaki hana kitu kwenye karatasi. Sasa umemfundisha nini? Umemfundisha aseme uongo, na mbaya zaidi umemvua mali yake uzeeni, na nimeona wazee waliokabidhi nyumba kwa watoto kwa sababu ndogo kuliko hiyo wakaja kuhamishwa chumba. Hao watoto wa Muscat na London nao ni hadithi nyingine. Mtoto kuwa Muscat si sawa na hela kuwa kwa mzee. Kuna anayetuma kila mwezi, kuna anayetuma Ramadhani kwa Ramadhani, kuna ambaye simu yenyewe hapokei. Utampima mzee kwa mfuko wa mtoto? Afrika Kusini wana pencheni ya wazee ya kupimwa uwezo, lakini kipato cha watoto hawakihesabu, na nyumba unayoishi mwenyewe hawaihesabu, walishajua hapo ni shimo.

Na kuna kijana wa leo wa kumfikiria, wewe kwa mfano. Ukijua kwamba ukijibana ukajenga chumba cha kupangisha ndo utakoseshwa pencheni, na jirani aliyekula zote atapewa, utajibana? Kipimo cha uwezo ni kodi ya kuweka akiba, inamwangukia hasa mtu wa kati, dereva, mwalimu wa madrasa, mama wa duka la vitenge, yule aliyehangaika akapata kidogo tu cha kumvusha mstari.

Sasa Ulaya. Umesikia kweli, wanapima, ila naomba usikilize yaliyotokea Uingereza juzi juzi tu kwa sababu hakuna mfano mzuri kuliko huo. Walikuwa na hela ya kuwasaidia wazee joto la nyumba wakati wa baridi, pauni 200 au 300 kwa mwaka, anapewa kila mzee. Mwaka 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves akasema haiwezekani mamilionea wapewe, kuanzia sasa atapewa tu mzee anayepata msaada mwingine wa watu wa kipato cha chini. Hoja yako kabisa hiyo kaka. Wazee kama milioni 10 wakakatwa kwa mpigo. Tatizo likawa hili, ule msaada wa kipato cha chini uliokuwa mlango wa kuingilia, serikali yenyewe ilikadiria kaya mpaka 880,000 zenye haki nao hazijauomba, wengine hawajui, wengine wanaona aibu, na fomu yake ilikuwa na maswali zaidi ya 200. Uingereza hiyo, kila mtu ana akaunti ya benki, posta inafika mlangoni, wote wamesoma. Zogo likawa kubwa, na Juni 2025 wakarudi nyuma. Na walivyorudi ndo pa kuangalia: kwa England na Wales wakasema tunawalipa wazee wote tena, halafu mwenye kipato cha zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka watu wa kodi watairudisha kwenye kodi yake. Yaani mpe kwanza, halafu mchukulie mwenye nacho kwa mlango wa kodi.

Australia nao wanapima, tangu 1909 huko, wanaangalia kipato na mali, na sistimu yao inakwenda vizuri tu kwa sababu mbili. Moja, benki, mamlaka ya kodi na ofisi ya misaada zinasomana, ukipata riba ya dola mbili wanajua. Pili, wanachuja kutoka juu, wanawatoa wenye mali nyingi na walio wengi wanabaki ndani, tofauti na kuchuja kutoka chini ukitafuta mafukara peke yao. New Zealand jirani zao hawapimi kabisa, ukifika 65 unapewa na inakatwa kodi kama kipato kingine chochote. Sasa niambie, Fuoni hela inaacha nyayo wapi? Karafuu kweli zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, zina rekodi. Mwani unauzwa kwa mnunuzi ufukweni, dagaa wanauzwa diko, chumba cha kupangisha mnaandikishana kwenye daftari la shule au hamuandikishani kabisa, na hela ya Muscat imekuja na mtu mkononi kwenye bahasha. Utapima nini?

Kenya wameshapita njia zote mbili kwa hiyo tuna bahati ya kujifunza kwa jirani. Walianza 2006 na mpango wa kuwapa hela wazee maskini, miaka 65, wanachaguliwa na jamii, na malalamiko yakawa yale yale, ndugu wa chifu yumo, kikongwe wa bondeni hayumo. Mwaka 2017 wakaandikisha upya kwa mtindo mwingine, Inua Jamii ya 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, kila mzee aliyefika umri, isipokuwa yule ambaye tayari anapokea pencheni ya serikali. Wakaingia zaidi ya laki tano. Hapo kwenye kumtoa mwenye pencheni ya serikali mimi sina ugomvi napo sana, kwa sababu orodha ipo, jina lako liko hazina au halipo, hakuna wa kuja kuhesabu kuku wako. Bara kwetu tumebaki na TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao umezisaidia kaya zaidi ya milioni moja na nauheshimu, lakini ni wa kaya na ni wa kuchaguliwa, mkutano wa kijiji kwanza halafu dodoso, na mzee anayeishi kwenye kaya yenye kijana wa bodaboda anaweza kukosa kwa sababu ya bodaboda ambayo pengine hata si ya yule kijana.

Na nikiwa naongelea kuchaguliwa, nisiipite hii ya heshima, maana kwangu ni nzito kuliko hata hesabu. Pencheni ya kupimwa inampa mtu mmoja, sheha au mjumbe au afisa, uwezo wa kusema wewe unastahili wewe hustahili. Sisemi masheha ni wabaya, wengi ni watu wa watu, lakini umewatwisha mzigo na kishawishi kwa pamoja. Mzee naye inabidi aende akajieleze umaskini wake mbele ya watu, aseme watoto hawanitunzi, jambo ambalo mzee wa Kizanzibari hatalisema hata akifa njaa, atakwambia alhamdulillahi tunakula. Nimewaona kina bibi wanaoficha njaa kulinda jina la mtoto. Hao ndo kipimo kitawaacha wa kwanza, wala si matajiri. Umri hauna aibu, hakuna anayeona haya kufika sabini.

Kuna na siasa yake pia, isikupite. Mauritius wanalipa pencheni kwa wazee wote tangu 1958. Mwaka 2004 serikali ikaanzisha kuwakata wenye kipato kikubwa, mwaka 2005 ikashindwa uchaguzi, na serikali iliyoingia ikaifuta ile sheria. Kitu ambacho wote wanapata kina walinzi wengi, yule mzee wa kanzu safi na saa mkononi ana wajukuu wenye sauti, pencheni ikichelewa miezi miwili yeye ndo atapiga simu, na simu yake itamsaidia na bibi wa pindo la kanga. Mtoe yeye, foleni inabaki ya watu ambao hakuna anayewasikiliza, na hapo ndo utaona 50,000 inakaa miaka kumi haijapanda.

Sasa nirudi kwako na mama, maana nilikwambia una hoja na sijaisahau. Una hoja kubwa kuliko hata uliyouliza. Ukiweka umri 70, tayari umeshachuja, ila umechuja kwa kifo. Mtu aliyeinama kwenye maji ya chumvi miaka thelathini anafunga mwani, aliyebeba mawe, aliyezaa nyumbani mara saba, uwezekano wake wa kufika sabini ni mdogo kuliko wa mzee aliyekula vizuri akatibiwa vizuri. Kwa hiyo kwenye wale wanaofika sabini wenye nafuu wamejaa kuliko walivyo kwenye umri wa 65. Nguvu za mama yako ziliisha kabla ya tarehe ya serikali. Kwa hiyo kama una hasira, na uwe nayo, ielekeze kwenye hiyo 70. Turudi kwenye shehia yetu ya wazee 100: tuseme wa miaka 65 mpaka 69 wapo 50 au 60, kuwaingiza wote kwa 50,000 ni kama milioni 2 na nusu mpaka 3 kwa mwezi. Ile laki 5 ya matajiri, hata ungeipata yote bila gharama na bila kosa, ingewatosha kina mama kumi tu. Umri hauwezi kushushwa kwa hela ya majirani wenye nyumba, utashushwa na bajeti, na unaweza kushushwa kidogo kidogo, mwaka huu 69, mwakani 68. Angalia lakini na upande wa pili usidhani umri unashuka tu wenyewe. Uganda walianza majaribio kwenye wilaya chache kwa watu wa 65, eneo la Karamoja 60, shilingi 25,000 za kwao kwa mwezi, na walipoitandaza nchi nzima wakapandisha umri mpaka 80. Themanini! Kwa hiyo hili ni jambo la kusemwa, kwa mwakilishi wenu, kwenye mikutano ya shehia, kila bajeti inapokaribia, wala usione ni swali la kijinga kuuliza kwa nini 70.

Na jirani mwenye nyumba tatu je, aachwe hivi hivi? Hapana. Kodi ya pango anayopata ni kipato na inatakiwa ilipiwe kodi kama kipato kingine. Nyumba tatu zinazopangishwa zikilipiwa kodi inavyotakiwa, anaweza kurudisha serikalini zaidi ya hiyo 50,000 anayopewa, na hapo hakuna bibi yeyote aliyekatwa kwa makosa wakati wa kumtafuta yeye. Ukikosea kwenye kodi umekosea kwa mtu mwenye nyumba tatu. Ukikosea kwenye pencheni umekosea kwa mtu mwenye muhogo mkavu. Mimi nikilazimika kuchagua wapi serikali ikosee, nishachagua.

La mwisho ni la wiki hii hii, wala halihitaji bajeti. Kitoe kitambulisho cha mama cha mkaazi ukiangalie tarehe ya kuzaliwa. Wazee wengi wa rika lake hawakuandikishwa walipozaliwa, umri wao ulikisiwa tu siku ya kuandikisha, mtu anaulizwa wakati wa Mapinduzi ulikuwa una ukubwa gani, anasema nilikuwa nachunga mdogo wangu, karani anaandika mwaka anaouona unafaa. Mwaka mmoja ukikosewa pale ni pencheni ya miezi kumi na mbili, laki sita nzima. Kaa naye chini umuulize taratibu, ndugu zake wanaomfuata na waliomtangulia wamezaliwa lini, alianza chuo cha Kurani akiwa na nani, aliolewa mwaka gani, kuna cheti cha kliniki, cha ubatizo au cha nikaha au daftari lolote la zamani lenye jina lake. Usiongeze hata siku moja isiyo ya kweli, lakini kama mnaona tarehe imekosewa anzeni kuirekebisha sasa akiwa 66, nenda kwa sheha akupe barua, halafu ofisi ya usajili. Msisubiri afike 70 ndo mkaanza kuhangaika na karatasi, hiyo kazi inakula miezi. Na huo mguu mpelekeni hospitali ukaangaliwe mapema, kina mama wa mwani wengi wanaachia magoti mpaka yanakataa kabisa.